Kebo Imekufa, Faiawoli Inasema Iko Hai: Nilivyohamia OSPF na BGP

Ilikuwa tarehe 30 ya mwezi, saa moja jioni. Nimefika nyumbani Kimara na sijavua hata viatu, simu ikaita kutoka Mwanza. Dada wa stoo huwa hana salamu ndefu siku za kufunga hesabu.

"Kaka, mfumo umegoma tena."

"Intaneti ipo?"

"Ipo. WhatsApp inafanya kazi kama kawaida. Mfumo tu ndio haufunguki."

Maneno hayo yalibeba jibu lote, lakini mimi usiku ule nilikimbilia kuilaumu seva. Nikaingia kwenye seva: nzima. Nikaangalia Dodoma na Arusha: wanafanya kazi. Nikaingia faiawoli ya Mwanza (mlinzi wa mtandao anayechuja na kuelekeza data) kupitia laini ya akiba, nikatazama violesura vyake, yaani milango yake ya mtandao. Vyote kijani. Kiolesura cha faiba kiko juu. Handaki la VPN, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti kuunganisha ofisi, liko juu. Jedwali la njia linasema mtandao wa seva unafikika kupitia handaki la kwanza. Kila kitu kiko sawa, ila hakuna pakiti (kipande cha data) hata moja inayofika.

Karibu saa tano usiku mlinzi aliniambia kwa simu kwamba mchana walihamisha meza ya ofisini. Kebo ya mtandao iliyotoka kwenye kifaa cha faiba ilikuwa inaning'inia hewani. Imechomoka saa kumi jioni, na faiawoli yangu ilikuwa bado inaisifu.

Nieleze kwanza tulivyojipanga, maana kosa lilianzia hapo. Kampuni yetu inasambaza vipuri vya magari. Ofisi kuu iko Dar es Salaam, matawi yako Morogoro, Dodoma, Arusha na Mwanza. Mfumo wa stoo na hesabu unakaa kwenye seva tuliyoiweka kituo cha data, hapo hapo Dar. Mwaka 2021, ili kubana matumizi, kila tawi tuliliwekea kompyuta moja ndogo yenye Proxmox, programu ya kuendesha kompyuta kadhaa za kuigiza ndani ya moja ya kweli. Ndani yake zinaishi mashine pepe tatu: moja ya kamera, moja ya mafaili, na moja ndiyo faiawoli yenyewe, OPNsense. Kwa hiyo faiawoli yetu si boksi la chuma, ni programu iliyopangishwa chumba ndani ya kompyuta. Kila tawi lina watoa huduma wawili na mahandaki mawili ya WireGuard, ambayo ni aina ya VPN: la kwanza linakwenda kwenye faiawoli ya kituo cha data, la pili linakwenda kwenye faiawoli ya ofisi kuu, ambayo nayo imeunganishwa na kituo cha data kwa faiba. Mtoa huduma wa kwanza akifa, tunapita kwa wa pili. Kwenye mchoro ilipendeza sana.

Ila nani anayehamisha njia? Mimi, kwa mkono. Nilikuwa na faili la Excel lenye njia 34.

Ukiwa na boksi la chuma, kebo ikichomoka kiolesura kinaanguka, na njia inayopita hapo inaondoka kwenye jedwali yenyewe. Faiawoli pepe haijui kebo. Kadi yake ya mtandao ni ya kuigiza, imechomekwa kwenye swichi ya kuigiza ndani ya Proxmox, na swichi hiyo haizimiki hata kebo ya kweli ya upande wa pili ikiliwa na panya. Juu ya hapo ukaweka WireGuard, ambayo kwa maumbile yake ni kimya: handaki halina hali ya kuanguka. Usipotuma kitu, haisemi kitu. Ukituma na upande wa pili umekufa, kiolesura kinabaki kijani vile vile. Nilikuwa na waongo wawili, mmoja kakaa juu ya mwenzake.

Mtu atauliza: OPNsense si ina kitu cha kupingi (kuuliza "upo?") geti ya mtoa huduma na kuhamisha laini? Inacho, na kilifanya kazi. Ndiyo maana WhatsApp ya dada ilikuwa inapita kwa mtoa huduma wa pili. Lakini njia ya kwenda kwenye seva ilikuwa imeandikwa kwa mkono kwamba ipite handaki la kwanza, na handaki la kwanza halikuwa na mtu wa kulipingia.

Usiku ule nilibadilisha njia Mwanza, nikasahau kubadilisha njia ya kurudi upande wa kituo cha data. Nikapoteza nusu saa nyingine. Mfumo ulirudi karibu na saa sita, na dada wa stoo akafunga hesabu saa saba na nusu. Hakuniambia kitu. Asubuhi nilimpigia kumwomba radhi, akasema, "Haya kaka, ila mwezi ujao tusirudie." Ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi mitatu.

Hapo ndipo nilipoamua kuzipa faiawoli itifaki ya uelekezaji, yaani lugha ya kuambizana njia, ziulizane zenyewe nani yuko hai.

Kuchagua itifaki hakukunichukua muda. RIP ni rahisi kuisoma lakini hutuma habari kila sekunde 30 na husubiri sekunde 180 kabla ya kukubali kwamba njia imekufa. Dakika tatu za mstari wa wateja kaunta ni nyingi. EIGRP ilizaliwa Cisco, na ingawa maelezo yake yalichapishwa hadharani mwaka 2016, huikuti kwa uzito nje ya vifaa vyao. Zikabaki OSPF kwa mtandao wetu wa ndani, na BGP kwa pale tutakapokutana na mtandao wa mtu mwingine. Faiawoli pepe karibu zote zinazojulikana zinazibeba hizi mbili: FortiGate-VM, VM-Series ya Palo Alto, ASAv ya Cisco. Kwa OPNsense na pfSense, kazi hiyo hufanywa na FRR, programu huria iliyojitenga na Quagga mwaka 2017, na Quagga nayo ilikuwa imetoka kwenye Zebra. Unaiongeza kama kiambata, unapata ukurasa mpya kwenye menyu, basi.

Nasema basi, lakini orodha ya itifaki zinazobebwa ilikuwa jambo dogo kuliko yote. Zaidi ya wiki tatu niliumizwa na mazingira yanayoizunguka itifaki.

Nilianza nyumbani. Kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 16, Proxmox, faiawoli tatu: "Dar", "Kuu" na "Mwanza". OSPF ni itifaki ya ujirani, na kwa Kiswahili inaeleweka vizuri kuliko kwa lugha niliyoisomea. Kila faiawoli hupiga hodi kila baada ya sekunde 10 kwenye anwani ya 224.0.0.5. Anayeitikia anakuwa jirani. Jirani asiposikika kwa sekunde 40 anahesabiwa kafa, na kila mmoja anachora upya ramani ya njia bila yeye. Kiolesura kikiwa kijani au chekundu, OSPF haijali. Inajali kama jirani ameitikia. Ndiyo dawa hasa ya waongo wangu wawili.

Siku ya kwanza hakuna jirani aliyemwona mwenzake. Kosa lilikuwa la aibu: kanuni za faiawoli niliziandika ziruhusu TCP na UDP, aina mbili zinazobeba data nyingi mtandaoni, na OSPF si TCP wala UDP. Inasafiri moja kwa moja juu ya IP ikiwa na namba yake, 89. Faiawoli ilikuwa inajizibia masikio yenyewe.

Nikaruhusu 89. Bado kimya. Hapa nilikaa usiku mbili. WireGuard hukubali kupitisha pakiti zile tu ambazo anwani zake umeziorodhesha kwa jirani husika, na mimi niliorodhesha mitandao ya ofisi peke yake. Hodi zilizokwenda 224.0.0.5 zilikuwa zinatupwa mlangoni, bila logi na bila malalamiko. Kwa kuwa kila handaki langu lina jirani mmoja tu, niliruhusu anwani zote, 0.0.0.0/0, nikaacha OSPF iamue nini kipite wapi. Tahadhari kwa atakayefuata nyayo hizi: kwenye OPNsense kuna kisanduku cha kuizuia WireGuard isijiandikie njia yenyewe. Usipokiweka tiki, ukibonyeza kuhifadhi tu, WireGuard inaandika kwamba dunia nzima ipite kwenye handaki, na wewe uliye mbali unajifungia nje. Nilijifungia nje, lakini "Mwanza" yangu ilikuwa chini ya meza, hatua moja kutoka kitandani.

La tatu ni la MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa kupita. Hili halikutokea nyumbani, lilinisubiri Mwanza ya kweli. Majirani walionana, wakaanza kubadilishana ramani, wakakwama. Hali ikasoma ExStart, hatua ya kuanza kupeana ramani, ikabaki ExStart Jumamosi nzima. Kumbe faiba ya Mwanza inaunganishwa kwa PPPoE, njia ya kujisajili kwa mtoa huduma ambayo inakula baiti 8 za kila pakiti, na miaka miwili nyuma nilishashusha handaki la upande ule kutoka 1420 hadi 1412. Upande wa Dar ulibaki 1420. Hodi ni pakiti ndogo, inapita popote, ndiyo maana walionana. Wanapoanza kupeana ramani, OSPF hulinganisha MTU za pande mbili, na anayeona mwenzake ametaja kubwa kuliko yake anaikataa pakiti hiyo. Ukitafuta utaambiwa weka amri ya kupuuza MTU. Mimi sikuiweka na sikushauri. Kuipuuza hakuongezi upana wa bomba. Ramani ikikua siku moja, pakiti kubwa itapotea katikati na utarudi pale pale ukiwa huna hata ishara ya ExStart ya kukuonyesha. Niliweka 1412 pande zote mbili. Ndani ya sekunde chache ikasoma Full: wamemaliza kupeana ramani.

Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwa kijana ninayefanya naye kazi. Akajibu, "Full ya nini, broo?" Hakuna mtu wa kushangilia naye kwenye kazi hizi.

Jumatatu nikafuta njia za mkono za Mwanza, nikaacha OSPF ishike. Ping kwenda kwenye seva: inajibu. Nikaenda kunywa chai. Kabla sijamaliza chapati simu ikaita. Ukurasa wa kuingia kwenye mfumo unaanza kufunguka, unaonyesha nembo ya kampuni, unaganda hapo.

Watu wa ruta hukumbana na jambo hili mara chache. Watu wa faiawoli hawalikwepi, na ndilo nililojifunza kwa uchungu kuliko mengine. Ruta haina kumbukumbu: pakiti ikija inatazama inakokwenda, inaisukuma. Faiawoli inakumbuka mazungumzo. Ikiona ombi la kufungua mazungumzo linapita, inaandika kwenye jedwali lake, kisha inasubiri kuona jibu likirudi kwa njia hiyo hiyo. Jibu likirudi kwa mlango mwingine, yeye hakulisikia, na pakiti zinazofuata anaziona kama za mtu anayedakia mazungumzo asiyoalikwa. Anazizuia.

Mwanza ilikuwa inatuma kupitia handaki la pili: ofisi kuu, faiba, kituo cha data, seva. Seva ilikuwa inajibu kupitia faiawoli ya kituo cha data, moja kwa moja kwenye handaki la kwanza. Faiawoli ya ofisi kuu ilisikia nusu ya mazungumzo tu. Ping ilipita kwa sababu haina masharti mengi. TCP ilianza, ikagandia njiani. Kwenye logi za ofisi kuu kulijaa pakiti zenye alama za A na PA, yaani za katikati ya mazungumzo, zimezuiwa, zote kutoka Mwanza.

Kwa nini Mwanza ilichagua njia ndefu? OSPF hupima njia kwa gharama, na gharama huhesabiwa kwenye kiolesura cha kutokea. Kila upande unaweka bei yake. Nilitaka handaki la kwanza liwe na gharama 10 na la pili 50. Dar niliweka sawasawa. Mwanza, siku ya kufunga vifaa mwaka 2021, niliyatengeneza mahandaki kwa mpangilio wa kinyume, kwa hiyo handaki linaloitwa wg0 Mwanza ndilo wg1 Dar. Nikanakili mipangilio bila kuangalia majina. Mwanza ikaona njia ndefu ndiyo rahisi.

Kuna wanaotibu hili kwa kuiambia faiawoli isiwe mkali, ikubali mazungumzo nusu. OPNsense inakuruhusu. Lakini nikifanya hivyo nimeigeuza faiawoli kuwa ruta ya bei mbaya. Nilirekebisha gharama, nikabadilisha majina ya violesura matawi yote yataje kinakokwenda: KITUO na KUU. Hakuna wg0 tena. Kazi ya saa moja ambayo ningeifanya miaka miwili kabla.

Siku zilizofuata nikaingiza Morogoro na Dodoma bila shida ya kusimulia. Nikaweka nenosiri la majirani, la aina ya MD5, kwenye kila handaki. Upande wa ndani wa kila ofisi nikauweka uwe wa kusikiliza kimya, maana sitaki laptopu ya mtu yeyote yenye programu ya ajabu ipige hodi na kukaribishwa kama jirani kisha itangaze kwamba njia ya kwenda kwenye seva inapita kwake.

Nikanogewa. Sekunde 40 nikaziona nyingi. Nikasoma kuhusu BFD, itifaki ndogo ambayo kazi yake ni kuuliza "upo?" mara kwa mara na kumshtua OSPF mapema. FRR inayo, na mipangilio yake ya kawaida ni milisekunde 300, ikikosa majibu matatu mfululizo inatangaza msiba. Chini ya sekunde moja! Nikaiwasha matawi yote Ijumaa mchana, jambo ambalo namkataza kila kijana ninayemfundisha.

Jumamosi asubuhi logi za Dodoma zilikuwa zimejaa. Saa nane usiku jirani kafa. Saa nane na sekunde mbili kafufuka. Kafa tena. Mara kumi na moja ndani ya dakika sita. Kila alipokufa, njia zilihama. Kila alipofufuka, zikarudi. Nilimpigia mtoa huduma wa Dodoma nikiwa nimepandisha sauti, na nikalazimika kumpigia tena mchana kumwomba msamaha, kwa sababu laini yake haikuwa na tatizo lolote. Saa nane usiku ndiyo saa ya bakapu. Proxmox inazinakili mashine pepe zote kwenye diski ya nje ya USB, ya zamani, ya polepole, na kila diski ile inapolemewa, mashine pepe zinabanwa pumzi kidogo. Kamera haijali kusimama nusu sekunde. Faiawoli yenye BFD ya milisekunde 300 inahesabiwa maiti.

Hapo tena ni suala la faiawoli kuwa pepe. Boksi la chuma halishei ubongo wake na kamera za ulinzi. Faiawoli pepe ni mpangaji, na mpangaji akiahidi kujibu kila milisekunde 300 anaahidi kwa niaba ya mwenye nyumba. Nikaiondoa BFD kwenye matawi, nikaweka hodi kila sekunde 5 na kifo baada ya sekunde 20. Bakapu ya usiku haijawahi kukaribia sekunde 20. BFD niliibakiza sehemu moja tu, kati ya faiawoli ya ofisi kuu na ya kituo cha data, ambako seva ni kubwa na faiawoli nimezitengea kiini chao cha CPU.

BGP ilikuja mwanzoni mwa 2024, tulipoamua nakala za mfumo zikae pia kwenye wingu la Amazon, kituo chao cha Cape Town. OSPF huko haina nafasi. Hodi zake ni za kutangaziwa kundi zima, na mtandao pepe wa Amazon kwa kawaida haupitishi matangazo ya namna hiyo. VPN yao huzungumza BGP, ambayo ni mazungumzo ya wawili waliojuana, TCP, mlango 179. Katika BGP kila mtandao hujitambulisha kwa namba yake, na wao hutumia 64512 usipotaja nyingine. Mimi nikajipa 65010, kwenye fungu la namba za matumizi ya ndani.

Kabla ya kugusa kitu cha kulipia, niliigiza upande wa Amazon nyumbani kwa mashine ya Linux (Debian) yenye FRR tupu. Mazungumzo yakafunguka, Established, halafu hakuna njia hata moja iliyopita. Pale panapotakiwa kuonekana idadi ya njia, FRR iliandika neno moja: Policy. Maana yake: hujaniambia nipokee nini na nitoe nini, kwa hiyo sipokei na sitoi. Ni tabia iliyopendekezwa rasmi mwaka 2017, na mwanzoni inakera. Lakini aliyewahi kusoma kilichotokea Februari 24, 2008 ataielewa. Siku hiyo kampuni ya simu ya Pakistani, ikitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yake, ilitangaza 208.65.153.0/24, wakati YouTube wenyewe walikuwa wakitangaza fungu pana zaidi, 208.65.152.0/22. Tangazo likavuja nje. Katika uelekezaji, anwani iliyotajwa kwa usahihi zaidi ndiyo hushinda, kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia ikaanza kupeleka maombi ya YouTube Pakistani. Ilichukua zaidi ya saa mbili kutulia. Nilimsimulia hadithi hiyo mhasibu mkuu aliyeuliza kwa nini kazi ya "kuunganisha tu" inachukua wiki. Akacheka, akaidhinisha posho ya Jumamosi.

Sikutegemea kinga ya FRR peke yake. Niliandika chujio pande zote mbili: kutoka Amazon napokea fungu lao moja, nao nawapa fungu letu moja lililojumlishwa, 10.20.0.0/16, badala ya vipande vya kila tawi. Tawi likiongezeka kesho, Cape Town hawana haja ya kujua.

Itifaki hizi zina mipaka, na Mei 12, 2024 ilinionyesha. Ilikuwa Jumapili. Mikongo ya chini ya bahari ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikabaki inatambaa. Mahandaki yetu ya ndani ya nchi yalibaki Full siku ile, wala OSPF haikujua kama kuna jambo. BGP ya Cape Town ikaanguka, njia zikaondoka kwenye jedwali kwa adabu, bakapu zikasubiri. Nilipigiwa simu na bosi: "Si ulisema sasa mtandao unajirekebisha wenyewe?" Unajirekebisha, mzee, ikiwa kuna njia nyingine ya kupita. Kuchimba njia isiyokuwepo haujui.

Jaribio la mwisho nililifanya Mwanza mwenyewe, saa saba mchana, wakati wa chakula. Dada wa stoo amekaa kwenye kompyuta, mimi nimeshika kebo ile ile ya faiba. Nikamwambia aendelee kutafuta bei za vichujio vya mafuta. Nikachomoa. Kiolesura cha faiawoli: kijani. Kama kawaida yake. Nikahesabu kwa saa ya simu. Sekunde ya 17 jirani akafutwa, njia ikahamia ofisi kuu.

"Imeganda," akasema.

"Bonyeza kuonyesha upya."

Akabonyeza, ukurasa ukafunguka. Hapa nisidanganye: mazungumzo yaliyokuwa wazi hufa njia inapohama, kwa sababu faiawoli ya ofisi kuu haikuyashuhudia yakianza, na haitayapokea yakiwa katikati. Lazima yaanze upya. Kwa kivinjari ni kubonyeza kitufe kimoja. Kwa aliyekuwa anapakia faili kubwa ni kuanza tena. Ningeweza kulainisha kanuni hili lisitokee, nikaona bora dada abonyeze kitufe.

Lile faili la Excel bado ninalo, lakini limebaki na mistari michache. Kila tawi lina njia mbili tu za mkono, na hizo sitazifuta: anwani ya nje ya kituo cha data ipite kwa mtoa huduma wa kwanza, anwani ya nje ya ofisi kuu ipite kwa wa pili. Handaki haliwezi kuachwa lijifunze njia ya kwenda kwenye mlango wake kupitia ndani yake lenyewe. Nilijaribu nyumbani kuona itakuwaje: linapanda, linajifunza, linajimeza, linaanguka, linapanda tena. Niliiacha hivyo dakika kumi nikiiangalia, kisha nikazima kompyuta nikalala.